Sinia la Bwana Dhamana

Kila redio iliyowekwa kwenye kaunta yetu iliimba. Mpya iliimba, mbovu iliimba, hata ile iliyolowa mvua kwenye gari la mizigo ikaanikwa juani siku mbili, nayo iliimba mpaka wapita njia wakageuka. Katikati ya kaunta palikuwa na sinia la bati, jeupe, linang'aa, na kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kulisugua. Redio ikishushwa rafuni inakalishwa juu ya sinia kama bibi harusi, inawashwa, inaimba, mteja anatoa pesa.

Bosi wangu hakuna aliyemwita kwa jina lake. Mtaani alikuwa Bwana Dhamana, kwa sababu ukimuuliza chochote, hata saa, atakujibu, "Dhamana ipo, usijali." Mimi aliniita Msingi. Alianza siku ileile niliyoomba kazi, nilipomwambia nimeishia shule ya msingi. "Basi utakuwa Msingi wetu," akasema, akacheka kwa kujipigapiga tumbo. Na mimi nikacheka, maana nilikuwa nataka kazi. Baada ya hapo kila kitu kilichovunjika, kilichopotea au kilichochelewa dukani kilikuwa cha Msingi.

Siri ya sinia niliijua mwezi wangu wa tano kazini. Sabuni ilimwagika, nikaingia chini ya kaunta na tambara, nikauona waya. Mweusi, mnene, umebanwa kwenye tumbo la sinia, unashuka na mguu wa kaunta, unapita nyuma ya makabati, unatoboa ukuta, unapanda hadi kwenye mlingoti juu ya paa. Siku zote nilidhani mlingoti ule ni wa televisheni ya bosi. Nikasimama, nikachukua redio iliyokuwa inaimba juu ya sinia, nikaiinua. Ikakoroma. Nikairudisha, ikaimba. Nikaiinua tena, ikakoroma tena.

Sikusema kitu. Nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea, kwa sababu hasira yangu yote inaanzia hapo. Nilijua, na bado kesho yake nikalisugua lile sinia, na keshokutwa, miaka miwili na nusu.

Kisingizio nilikuwa nacho. Mshahara ule ndio uliokuwa unamweka mdogo wangu shuleni, na mdogo wangu ndiye mtu pekee niliyeachiwa na mama. Nikajiambia, we funga mdomo, mtoto asome.

Mdomo niliufunga, macho hapana. Redio zilizorudishwa na wateja ndizo zilizonifundisha kazi. Bosi alizitupia kwenye boksi stoo. Saa ya chakula nilizitoa mojamoja, nikazipeleka uchochoroni nyuma ya duka, kati ya kuta mbili ndefu, mbali na waya wake. Nilikuwa na kopo la betri zilizokaribia kufa. Wengine walizitupa, mimi nikaziokota. Ukitaka kuijua redio, usiitie betri mpya. Itie zile za kopo, iteremshe antena nusu, halafu itafutie stesheni ya mbali, usikilize kama inapambana au inajilalia. Nyingi zilijilalia. Katika duka lote niliyoiamini ilikuwa moja tu: ya kijivu, sura mbaya, nzito kama tofali, vifundo viwili vya kuzungusha, inakula betri tatu nene. Ilikaa rafu ya juu kabisa na vumbi lake. Haina taa, haina madoido, hakuna aliyeomba kuiona.

Msimu wa mvua uliopita alikuja mama mmoja mkulima wa mboga, kutoka bondeni, chini ya bwawa. Kule simu hazishiki. Bwawa likijaa, wenye bwawa hufungua milango, na kabla ya kufungua hutangaza kwenye stesheni moja ya zamani, ya masafa ya kati, si FM, saa tatu asubuhi na saa kumi jioni. Asiyesikia tangazo anayasikia maji. Yule mama alisema wazi kabisa: "Nataka redio ya kunisomea tangazo la bwawa. Muziki sina haja nao." Bosi akamuuzia nyekundu yenye taa za kuzunguka. Boksi lake limeandikwa kwamba inapokea masafa yote. Uongo mtupu. Ile inashika FM tu, tena ukiwa chini ya mnara.

Mwezi uliofuata akarudi na redio kaifunga kwenye kanga. Maji yalikuwa yamechukua mbuzi wake saba na pampu. Hakupiga kelele. Aliiweka kaunta akasema, "Haikusema kitu, baba."

Bosi akaichukua, akaiweka kwenye sinia, akaiwasha. Ikaimba.

"Mama," akasema kwa upole wa kuudhi, "vidole vimezoea jembe hivi. Redio inataka kubembelezwa."

Yule mama aliitazama redio kama mtu anavyomtazama mtoto aliyemsingizia mbele za watu. Halafu akasema, "Samahani, basi. Nimekusumbua." Akaifunga tena kwenye kanga, akaondoka. Na mimi nilikuwa nimesimama pale na tambara mkononi. Nikampisha apite.

Sijawahi kulala vizuri tangu siku hiyo, lakini kukosa usingizi hakukumrudishia mtu mbuzi.

Sasa, Jumatano moja mdogo wangu akarudi nyumbani akirukaruka. Shule yao inakwenda kambi. Wasichana ishirini na wanane, mahema, siku nne, kusoma ramani na kuwasha moto kwa kijiti kimoja. Nikamuuliza, wapi?

"Bondeni, Dada! Chini ya bwawa. Kuna uwanja mzuri, tambarare, kando ya mto kabisa."

Kijiko kilinitoka mkononi.

"Usiogope," akasema, "wazazi wameshamkalia Mwalimu kooni. Wamesema bila redio ya dharura hakuna kambi. Mwalimu anakuja kununua kesho. Nimemwambia aje kwenu!" Aliyasema hayo kwa fahari, kana kwamba ananiletea zawadi.

Mwalimu alifika Alhamisi kabla ya adhuhuri. Mwanamke mkavu, mrefu, filimbi shingoni, daftari kwapani, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Alisoma mahitaji yake kwa sauti kama anaita mahudhurio: redio ya kubebeka, isiyotegemea umeme, nyepesi, yenye tochi ikiwezekana, ya kusikia matangazo ya bwawa.

"Umefika, Mwalimu, umefika kabisa," Bwana Dhamana akasema. Mkono wake ulikuwa umeshashika nyekundu nyingine, ya aina ileile aliyomuuzia yule mama. "Hii hapa. Tochi ipo. Ving'ora vipo. Jua linaichaji kwa juu, unaona hiki kioo? Ukipotea porini unawasha taa hizi, hata ndege inakuona."

"Na dhamana?"

"Dhamana ipo, usijali."

Ikakalishwa kwenye sinia, ikaimba mpaka vioo vya kabati vikatetemeka. Mwalimu akatabasamu kidogo, akageuza boksi, akasoma. "Masafa yote," akasema, akaweka alama ya vema kwenye daftari.

"Mwalimu," nikasema.

Sauti ilinitoka nyembamba. Wote wawili wakanigeukia.

"Samahani, Mwalimu. Kioo hicho cha jua ni kidogo kama biskuti, na huu ni msimu wa mawingu. Ndani ina betri moja isiyotoka. Ikiisha ndiyo basi, huwezi kuweka nyingine. Ile ya kijivu kule juu inatumia betri za kununua popote. Na nakuomba tuzijaribu zote mbili nje, nyuma ya—"

"Msingi," bosi akanikata, "kamletee Mwalimu chai."

"Bosi, nasema tu—"

"Chai, Msingi. Tangu lini sufuria likamfundisha mpishi?"

Mwalimu akacheka. Hakucheka sana, lakini alicheka. Kisha akanitazama kupitia juu ya miwani. "Dada, haya mambo ya mawimbi umesomea wapi?"

"Sijasomea, Mwalimu."

"Basi tuwaachie walioandika kwenye boksi. Wao wamesomea."

Nilikwenda jikoni. Ninakumbuka nilivyowasha jiko, ninakumbuka njiti tatu zilivunjika kabla ya ya nne kuwaka. Haikuwa hofu. Nilimwona mdogo wangu kwenye uwanja ule mzuri, tambarare, kando ya mto kabisa, anaishika ile nyekundu na kuizungusha kifundo, taa zinazunguka, hakuna kinachosemwa. Nikamwona yule mama anaomba samahani. Birika lilikuwa bado halijachemka. Nikazima jiko, nikafungua droo ya vifaa, nikachukua koleo.

Niliporudi, bosi alikuwa anaandika risiti.

"Chai iko wapi?"

Nikaichukua nyekundu, nikaiinua juu ya sinia kiasi cha mkono mmoja. Ikakoroma.

"Unaona?" bosi akamwambia Mwalimu haraka haraka. "Mwili wake unazuia mawimbi. Kuna watu wako hivyo, wana umeme mwilini. Iweke chini, Msingi."

"Mwalimu, iinue wewe."

"Mimi sina muda wa—"

"Iinue!" Nilipiga kelele. Mimi. Mwanamke aliyekuwa anachagua nguo dirishani kwa jirani akachungulia. "Watoto ishirini na wanane unawapeleka mtoni, mmoja ni wa kwangu, na kuinua redio huna muda?"

Mwalimu aliiinua. Ikakoroma. Akaishusha, ikaimba. Akaiinua tena, uso wake ukaanza kubadilika. Nikainama chini ya kaunta, nikaushika ule waya kwa koleo, nikauvuta kwa nguvu zangu zote. Sinia likaruka, likaanguka sakafuni kwa kishindo, likazunguka mpaka likatulia. Nikauweka mwisho wa waya kwenye kaunta, juu ya risiti.

"Huo unatoka wapi?" Mwalimu akauliza polepole.

"Kwenye mlingoti juu ya paa."

"Ni wa usalama!" bosi akafoka. "Wa radi! Mwalimu, huyu binti nilimwokota—"

"Hujaniokota. Nilikuja na miguu yangu." Nikapanda kigoda, nikaishusha ya kijivu, nikaipuliza vumbi. "Twende nje, Mwalimu. Kama nimekosea, nifukuzwe, na chai nitakuletea mpaka nyumbani kwako."

Alikuja. Uchochoroni nikaitia ile ya kijivu betri tatu za kopo langu, nikazungusha kifundo polepole mpaka kule mwisho wa masafa ya kati. Ikahangaika, ikakwaruza, halafu sauti ya mtu ikatoka, nyembamba lakini nzima, anasoma bei za mahindi. Ile stesheni ya zamani. Ile nyekundu, yenye chaji kamili, Mwalimu mwenyewe aliizungusha kutoka mwanzo mpaka mwisho mara mbili. Haikuwa na masafa ya kati. Kifundo chake kilikuwa na maandishi ya masafa hayo, lakini ndani hakuna kitu, kama mlango uliochorwa ukutani.

Mwalimu aliizima ile nyekundu. Nilidhani atanishukuru. Alisema, "Umejua kwa muda gani?"

"Miaka miwili na nusu."

"Na umenyamaza."

"Ndiyo."

Akanitazama vile walimu wanavyotazama, nikajiona mdogo kuliko siku bosi alipocheka. Kisha akazoa redio zote mbili, akarudi ndani.

"Niuzie hii ya kijivu," akamwambia bosi.

Bwana Dhamana alikuwa ameshaliokota sinia, amelikumbatia kifuani. "Hiyo haiuzwi."

"Ina bei imebandikwa."

"Ilibandikwa na huyu mwehu. Duka langu, naamua mimi. Tafuta kwingine, kama kwingine kupo."

Kwingine hakukuwepo, na alijua. Kambi ilikuwa inaanza Ijumaa.

Hapo ndipo nilipoona kwa nini wale watoto wanamwogopa Mwalimu yule. Hakubishana. Alivuta kigoda mpaka mlangoni, akakaa katikati, miguu pamoja, akafungua daftari, akatoa kalamu kwenye nywele. Akaja kijana kununua redio ya kibanda chake cha kinyozi. "Karibu, mwanangu," Mwalimu akamwambia. "Redio za hapa ukitaka kununua, muulize kwanza huyu baba ule waya wa nini." Kijana akaangalia waya, akaangalia sinia kifuani mwa bosi, akageuka akaondoka. Wakaja wanawake wawili. "Karibuni, dada zangu. Kabla hamjatoa pesa..." Alisema kwa sauti ileile, bila hasira, kama anawasomea imla. Nje watu walianza kusimama. Mmoja akasema kumbe ndiyo maana. Mwingine akasema na yangu je? Mwingine akaondoka mbio, na nilijua amekwenda kuleta yake.

Kufika saa nane ile ya kijivu ilikuwa inauzwa, na Mwalimu akailipia.

"Na wewe," bosi akaniambia, povu limemkaa pembeni mwa mdomo, "toka. Usirudi hata kuchukua kandambili. Tuone huo msingi wako utajengea nini."

"Dhamana ipo," nikamjibu, "usijali."

Watu mlangoni walicheka. Mimi sikucheka. Nilichukua kopo langu la betri na koleo, ambalo halikuwa langu, na silirudishi.

Jioni ile mdogo wangu alirudi na ile ya kijivu, Mwalimu kampa aje afundishwe kuitumia, nikamkalisha chini. Nikatia alama ya rangi ya kucha kwenye kioo cha ile redio, palepale stesheni ilipo. Nikamwonyesha namna ya kuigeuza mwili mzima taratibu mpaka sauti inenepe. Nikamfungia betri sita mpya kwenye mfuko wa plastiki. Alisikiliza kila neno. Mwisho akauliza, "Dada, umefukuzwa kwa ajili yangu?"

"Nimefukuzwa kwa kuchelewa kusema. Shika redio."

Jumamosi nikapanda lori la mboga kwenda bondeni. Nilikuwa na jambo moja tu la kusema na nilikuwa nimelibeba msimu mzima. Bustani ya yule mama haikuwa mbali na mahema ya shule. Ilikuwa kwenye kona ya mto, vitalu vya maharage vimenyooka, na pampu inanguruma kwenye ukingo. Alinitambua kabla sijafika.

"Wewe ni yule wa dukani."

"Shikamoo, Mama. Ndiyo."

"Bosi wako kakutuma?"

"Sina bosi. Mama, nimekuja kukwambia ile redio ilikuwa haifai tangu ndani ya boksi. Haikuwa wewe. Chini ya sinia kulikuwa na waya." Nikamweleza yote, mpaka mlingoti. Alizima pampu ili asikie vizuri.

Nilipomaliza akauliza, "Siku ile niliyoirudisha, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Nikaambiwa vidole vya jembe. Nikaomba samahani. Mimi, niliyepoteza mbuzi, nikamwomba samahani aliyeniuzia. Na wewe umesimama."

"Ndiyo, Mama."

"Na redio bado ninayo. Kila siku naiwasha. Kila siku nasema labda leo vidole vitaelewa." Sauti yake ilianza kupanda. "Hata hii pampu ni ya kuazima. Ya kwangu iko baharini huko, sijui wapi. Na wewe unanijia na ndiyo, Mama, ndiyo, Mama. Toka kwenye miche yangu, unakanyaga!"

Nilitoka kwenye miche. Nikasimama njiani na hasira yangu na yake, zote mbili zikiwa halali.

Ilikuwa kama saa kumi na robo filimbi ilipolia kambini. Ndefu, mara tatu. Nikaona hema la kwanza linalala chini, kisha la pili, wasichana wanakimbia wamebeba vigingi, na sauti ya Mwalimu inawapanga kama yuko darasani. Wawili wawili walikuwa wanatawanyika kwenye bustani za kandokando. Mmoja wa waliokuja kwetu alikuwa mdogo wangu, anahema, kandambili moja mguuni na nyingine mkononi.

"Wametangaza!" akapiga kelele. "Milango miwili, kesho alfajiri! Mwalimu kasema kila mtu wa ukingoni apandishe..." Akaniona. "Dada? Umefikaje?"

"Umesikia mwenyewe?"

"Kwenye alama ya kucha! Nilikuwa nimeishika mimi!"

Akaendelea mbio na mwenzake kwenye bustani ya mbele, wanapiga kelele tangazo lilelile. Nilitaka kulia, lakini yule mama alikuwa ananitazama, na sikuona kama nina haki ya kulia mbele yake.

Aliinama, akachomoa bomba, akaikamata pampu upande mmoja. Ilikuwa nzito, ya chuma, bado ya moto. Nikashika upande wa pili bila kuulizwa. Hakunizuia. Tukaanza kupanda mlima, yeye mbele anarudi kinyumenyume, macho yake yamenikazia mimi na si njia.

"Sijakusamehe," akasema.

"Najua, Mama."

"Shika upande wako vizuri."